Kipande cha Tisa

Kila alipotoka shule, Kasi alipitia karakana ya shangazi yake, mhandisi wa vyuma. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu hakufanya lolote polepole. Hata chai ilimuunguza ulimi kila asubuhi.

Shangazi alikuwa akitafuta chuma cha kutengenezea gia na beringi za pampu ya maji ya hospitali. Zilizokuwepo zililiwa na kutu upesi, pampu ikakwama, wagonjwa wakakosa maji. Kompyuta ilimsaidia kuchagua, kati ya maelfu ya michanganyiko, chuma kigumu kisichoshika kutu. Lakini ilihitaji vipimo vya kweli. Basi vipande kumi na viwili vya michanganyiko tofauti vililowekwa kwenye maji ya chumvi, na kila wiki Kasi alivisugua kutu, akavikausha, akavipima uzito kuona kutu imekula kiasi gani.

Siku moja rafiki zake walimwita langoni wakacheze mpira. Kipande cha tisa kilijaa kutu; kukisugua kungemchelewesha. Akakiandikia uzito wa wiki iliyopita, akatoka mbio.

Kesho yake alimkuta shangazi anacheka peke yake.

“Tumepata! Kompyuta imechagua cha tisa. Wiki hii hakijapungua hata chembe!”

“Nikawashe tanuri?” fundi wa karakana aliuliza, tayari amevaa glavu.

Kasi aliwaza kunyamaza. Kisha akawaza vitanda vya hospitali na mabomba makavu.

“Fundi, usiwashe. Shangazi, nisamehe. Cha tisa sikukipima. Nilidanganya.”

Shangazi alikitoa kipande majini, kimejaa kutu. “Mimi nami nilipaswa kukitazama,” alisema. “Sasa tunaanza upya, vyote kumi na viwili.”

“Na mpira?” fundi alimtania.

“Mpira utanisubiri,” Kasi alijibu, akachukua brashi.

Kwa wiki sita alisugua mpaka vidole vikachubuka. Safari hii kompyuta ilichagua kipande cha nne. Fundi aliyeyusha chuma cha aina hiyo, akachonga gia na beringi, wakazifunga kwenye pampu.

Miezi minane baadaye waliifungua. Gia ziling'aa, beringi zilizunguka bila kukwaruza.

Shangazi alimshika Kasi bega. “Kompyuta haina macho, mwanangu. Inaamini tunachoiambia, hata kama ni uongo, na uongo huo ungewafikia wagonjwa. Siku ile ulipoona aibu ukasema kweli, ndipo kazi hii ilipoanza.”