Sauti ya Tomiha

Jioni ile nilipanda mlima Menengai kwenda kurekodi upepo.

Ilikuwa kazi tu. Nicodemus alikuwa na studio ndogo pale mtaa wa Rhonda, chumba kimoja kilichogawanywa kwa kioo na kubandikwa magodoro ukutani, na mwaka huo tulikuwa tunatia sauti za Kiswahili kwenye anime moja, katuni ya Kijapani, Mabinti wa Jivu. Ni hadithi ya wasichana watatu wanaopigana kwa mikuki. Sehemu ya sita ilikuwa na vita juu ya mlima, na Nicodemus alitaka upepo wa kweli. Akanipa kinasa sauti, maiki na hedifoni.

"Dakika kumi, Wamuyu. Na usiongee. Wewe ukiongea unaniharibia."

Alicheka. Nikacheka pia, kwa sababu yeye ndiye boss.

Katika anime hiyo mimi nilikuwa kunguru. Nilikuwa pia watumishi, wapita njia, na vikongwe wanaouawa kabla hadithi haijaanza vizuri. Tomiha, shujaa mwenyewe, alikuwa wa Chelimo. Chelimo ndiye aliyeniingiza kazini. Tuliishi chumba kimoja, tulipika sufuria moja. Alikuwa ameisoma manga yake yote, vitabu tisa vya michoro, kabla hatujarekodi neno la kwanza, kwa hiyo alijua kabla yetu sote ni nani ataumia na ataumia vipi. Akitoa ukelele wa Tomiha, fundi wa mabati huko nje alikuwa anasimamisha nyundo.

Mimi pia nilijaribiwa kwa nafasi hiyo. Nicodemus alisikiliza mara moja tu, akasema mbele ya watu wote kwamba ninalia kama mbuzi aliyefungwa mguu. Kila mtu alicheka isipokuwa Chelimo. Alinishika mkono, akanihurumia. Hilo ndilo sikumsamehe.

Mwenye bodaboda alinishusha juu kabisa, jua likiwa limeshagusa milima ya upande wa pili. Nikamwomba anisubiri.

"Siste, mimi hapa sisubiri," akasema bila kuzima pikipiki. "Giza ikiingia, hii mlima inabeba watu."

Akateremka. Nikabaki na ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, mikaratusi na mvuke unaopanda kutoka chini kama mtu anapika huko. Nikavaa hedifoni. Nikabonyeza kitufe.

Upepo.

Majani makavu.

Upepo tena...

Kisha pumzi.

Si yangu. Mimi nilikuwa nimeizuia yangu. Pumzi ile ilikuwa karibu na maiki, nzito, ya mtu aliyepanda mlima kwa miguu. Nikageuka.

Mwanamke alikuwa ameketi juu ya jiwe, hatua tano kutoka nilipokuwa. Alikuwa amejifunga leso kichwani. Miguu yake ilikuwa mitupu, myeupe kwa jivu mpaka magotini. Midomo yake ilikuwa inacheza, anaongea nami. Nikavua hedifoni ili nimsikie.

Kimya. Upepo peke yake. Midomo ikaendelea kucheza.

Nikavaa hedifoni tena.

"...na unatafuta nini hapa?"

Sauti yake ilikuwa ndani ya hedifoni tu.

Harufu ya kiberiti ikanijaa puani, na chini yake harufu nyingine, ya nywele zilizoungua. Ningeweza kukimbia. Njia ilikuwa wazi nyuma yangu, na nilikuwa na viatu vya raba.

Sikukimbia.

"Nimekuja kuchukua upepo," nikanong'ona.

"Uongo."

"Nataka sauti," nikasema. "Ya msichana anayepigana."

"Ninazo nyingi." Akanyoosha kidole kule chini kwenye mvuke. "Za waliosukumwa humu wakipigana. Lakini zote zimechoka. Niletee mpya. Mimi nitaila, wewe utaitumia. Ya nani?"

Watu huniambia kwamba mtu akiogopa hasemi analomaanisha. Mimi nilimaanisha. Nilikuwa nimelifikiria jina hilo miezi mitatu, usiku baada ya usiku, nikimsikiliza mwenyewe akikoroma kitanda cha pili.

"Chelimo."

Nikamsikia akimeza. Mmezo mmoja, mzito, ndani ya masikio yangu yote mawili.

Kisha akafungua kinywa. Kikafunguka, kikaendelea kufunguka, na ukelele uliotoka humo ulikuwa wa Chelimo. Haukuwa wa Tomiha wala wa kuigiza. Ulikuwa ukelele wa Chelimo mwenyewe, wa mtu anayeng'olewa kitu. Taa nyekundu ya kinasa iliwaka sekunde arobaini nzima. Nilizihesabu.

Ulipokwisha, jiwe lilikuwa tupu.

Nilipofika Rhonda, majirani walikuwa wamejaa mlangoni kwetu. Chelimo alikuwa anakatakata mboga ya sukuma, jua likizama, wakamsikia amepiga kelele moja ndefu. Walimkuta ameketi sakafuni, kisu mkononi. Hakuwa na jeraha. Alikuwa anafungua kinywa, anafunga, anafungua. Baadaye hospitali walimulika koo lake, wakasema halina kitu, apumzike.

Aliponiona alinishika kiuno akalia machozi bila sauti. Nikampapasa kichwa. Nikamwambia itarudi.

Asubuhi Nicodemus alisikiliza kinasa. Akavua kofia.

"Hii ni nani?"

"Ni mimi."

"Wacha mchezo."

"Ni mimi, boss. Niweke kwa maiki."

Akaniweka. Nikasema mstari wa Tomiha. Mimi nilijisikia kama kawaida, mbuzi yule yule. Lakini Nicodemus, upande wa pili wa kioo na hedifoni masikioni, alinitazama kama mtu aliyeona jeneza linafunguka. Kwenye rekodi nilikuwa Chelimo.

"Mmekaa pamoja sana," akasema mwishowe. Kazi ilikuwa imechelewa, na Nicodemus hakuuliza tena. Nikawa Tomiha.

Watu waliipenda. Watoto wa mtaa wa Kaptembwo walipigana kwa fimbo za mahindi wakiiga kelele zangu. Wasichana wa shule walinisimamisha njiani wanione kinywa.

Mama yake Chelimo, Chepkurui, alishuka kutoka Molo kumwuguza. Alikuwa mama mpole, wa kanisa, wa kukushukuru hata ukimpisha mlangoni. Jioni moja nilirudi nikamkuta ameketi nje na beseni la maji ya moto.

"Wamuyu, mtoto wangu, hii ni ugonjwa gani?" akaniuliza. "Leo saa nne ameanguka tu hivi. Ameshika mbavu. Kuja uone."

Akainua blauzi ya Chelimo. Ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba, wa zambarau, na alama ya kisigino.

Saa nne nilikuwa kwenye maiki. Tomiha alikuwa amepigwa teke la ubavu, wa kushoto.

"Pole, mama," nikasema.

Nilijua kuanzia hapo. Sitaki mtu aseme sikujua. Sehemu ya tisa Tomiha alivunjwa vidole viwili, na Chelimo akafungwa vijiti viwili vidoleni. Sehemu ya kumi na moja alichomwa mkuki begani. Nilitoa ukelele mara ya kwanza, Nicodemus akasema turudie. Wa pili ulikuwa mzuri sana, hata yeye akainua kidole gumba.

Nikaomba wa tatu.

Sijui kwa nini. Au najua. Siku ile asubuhi Chelimo alikuwa amenipikia chai kwa mkono mmoja, akanitazama kwa yale macho yake ya huruma.

Wiki ya mwisho ya kurekodi alinitolea kitabu cha tisa chini ya godoro. Akakifungua mahali ambapo anime yetu ilikuwa bado haijafika. Kurasa mbili hazina neno hata moja. Tomiha amefungwa kwenye nguzo, moto umefika kifuani, kinywa wazi. Anayeshika mwenge ni mmoja wa wale mabinti watatu, rafiki yake.

Chelimo akaweka kidole juu ya Tomiha, kisha kifuani pake mwenyewe. Akakiweka juu ya mwenye mwenge. Akakileta kwangu, taratibu, mpaka kikanigusa koo.

Hakuwa na hasira. Alipiga magoti. Mama yake alikuwa nje anaanua nguo, hakuona.

"Ni kazi tu, Chelimo," nikamwambia. "Usikuwe hivyo."

Kesho yake, saa nane mchana, nilirekodi moto.

Nicodemus hakuhitaji kurudia. Alivua hedifoni, akatoka nje, akavuta sigara mbili mfululizo. Mimi nilibaki ndani ya magodoro yale, na polepole chumba kikajaa harufu ya nywele.

Ngozi ya Chelimo haikuwa na alama ya moto. Mama yake alikuwa amekwenda dukani, jiko lilikuwa baridi, dirisha lilikuwa wazi. Daktari aliandika kwamba mapafu yamejaa moshi, akaandika, akasimama, akasoma tena alichoandika. Tulimzika Molo kwenye mvua. Nilishika kamba ya jeneza upande mmoja. Mchungaji alinitaja kwa jina kama rafiki wa kweli.

Nilidhani yamekwisha. Sauti ingekufa na mwenyewe, na mimi ningerudi kuwa kunguru. Nilikuwa tayari kwa hilo.

Haikufa. Mwezi uliofuata tulianza anime nyingine, na Nicodemus akanisimamisha katikati ya mstari.

"Nani anaongea hapo ndani?"

"Hakuna mtu."

"Wakati umenyamaza, kuna mtu anaongea."

Akanichezea. Pale nilipovuta pumzi kati ya neno na neno, Chelimo alikuwa anaongea. Kwa utulivu, kwa Kipsigis, lugha ya kwao, kama mtu anayepiga simu nyumbani. Sikuelewa ila neno moja lililorudiwa rudiwa. Yeyo. Mama.

Nicodemus ni mtu mzuri kuliko mimi. Alimwita Chepkurui.

Alikuja na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Akavishwa hedifoni. Akashtuka, akaziba kinywa, kisha akaanza kujibu kwa sauti ndogo, akitikisa kichwa, akiuliza, akisikiliza. Alikaa saa nzima. Kesho yake akarudi. Akarudi wiki tatu, kila siku, na Nicodemus alinisimamisha mbele ya maiki nikae kimya tu, nipumue, ili wao waongee. Kila siku alipoondoka alinisalimu kwa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto.

Jumanne iliyopita alivua hedifoni mapema.

"Mama," nikamwuliza, "huwa anasema nini?"

Alizikunja waya vizuri kwanza. Mtu mwenye adabu.

"Anasema huko ni moto. Anasema yuko na mama mmoja wa miguu myeupe." Akanitazama machoni. "Na anasema ulimtaja wewe."

Nje fundi alikuwa anapiga bati.

"Mimi nilimwambia, basi na sisi tumtaje Wamuyu. Akakataa. Anasema wewe hutasikia uchungu, wewe unajipenda tu kidogo." Akachukua mkoba wake. "Ameniuliza mamako anaitwa nani. Nimemwambia Gathoni. Gathoni wa Ndabibi. Nicodemus alikuwa nayo kwa fomu yako."

"Mama Chelimo..."

"Nimemwambia saa hii tu," akasema. "Ubarikiwe."

Nikatoka mbio mpaka barabarani. Nilikosea namba mara mbili. Simu ikaita, ikaita, ikapokelewa.

Nikasikia ng'ombe. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Mama?" nikasema. "Mama, ni mimi. Niongeleshe."

Nikamsikia akivuta pumzi ili ajibu.