Namba Iliyomnyamazisha Bibi

Kila Ijumaa baada ya masomo, Kiherehere hupitia maabara anakofanya kazi shangazi yake, akaketi kwenye meza ya mlangoni na kufanya kazi za shule. Sharti ni moja tu: asiguse kitu. Jina la utani la Kiherehere alipewa na bibi yake, na kwa kweli hakuonewa.

Siku hiyo bibi mwenyewe alikuwepo. Mwaka uliopita alitibiwa saratani akapona, na sasa damu yake hupimwa kila baada ya miezi mitatu.

"Chukua tone moja tu, mwanangu," bibi alimtania shangazi. "Iliyobaki nina kazi nayo."

Shangazi alicheka, akadondosha damu kwenye kipande cha kioo na kukiingiza mashineni. "Saratani ikiwepo, mara nyingi huacha alama kwenye damu," alimweleza Kiherehere. "Alama hizo hunasa kwenye kioo hiki. Mwanga ukipita unabadilika, na mashine inatupa namba." Akaifunika mashine kwa kitambaa cheusi, akaenda kunawa mikono.

Mwanga! Kiherehere alitaka kuuona kwa macho yake. Bibi alipokuwa akitafuta miwani mkobani, Kiherehere aliinua pembe ya kitambaa, akachungulia, akairudisha harakaharaka.

Shangazi aliporudi, namba ilikuwa imepanda mara nne ya ile ya kawaida. Uso ulimbadilika.

"Mama, itabidi tumwone daktari leo hii."

Bibi, asiyekosa neno, safari hii alikosa. Alibaki kuitazama mikono yake.

Kiherehere alikitupia jicho kitambaa. Akisema, atafukuzwa. Asiposema, je? Machozi yalimlengalenga.

"Shangazi, mimi niliinua kitambaa. Nilitaka kuuona mwanga."

Shangazi alimkazia macho, kisha akakagua. Pembe moja ilikuwa imekunjika, na mwanga wa dirishani ulikuwa ukiingia na kuvuruga kipimo. Alichukua kioo kipya na tone jipya, akafunika vizuri. Wakangoja dakika chache. Namba ikatokea: ndogo ileile ya siku zote.

"Jamani, nilishaanza kugawa sufuria zangu!" bibi alipaza sauti, wote wakaangua kicheko.

"Wiki mbili hutakanyaga hapa," shangazi alimwambia Kiherehere huku akimkumbatia. "Kugusa, ulikosea. Lakini mimi nisingejua, na mashine haina mdomo. Ungenyamaza, leo mama angelala na hofu ya ugonjwa asio nao. Ukikosea, sema mapema, hata kama unajua utaadhibiwa."