Saa Nne ya Edina

Kila asubuhi kijijini Hombolo, akishachota maji na kumkogesha mama mkwe, Edina aliunganisha redio na betri ya gari. Ilikuwa miaka ile maduka ya watu binafsi yalipoanza kujaa bidhaa, na betri hiyo waliipata Kibaigwa baada ya kuuza mahindi. Redio ilikuwa ya mumewe, Seth, mwenye leseni ya kuongea hewani na wenzake wa mbali. Sasa Seth alikuwa kazini Kasulu. Edina hakuwa na leseni, kazi yake ilikuwa kusikiliza tu. Seth alimwachia daftari la mawasiliano akamwambia, "Nitamsalimia mama saa zile zile zilizoandikwa humu."

Mama Dorkasi, mkwewe, alikuwa mgonjwa hoi. Hakudai uji wala dawa. Alitaka sauti ya mwanawe.

Edina alijifunza kusoma ukubwani, na alijivunia. Daftari lilisema 0400Z. Ilipofika saa nne asubuhi akawasha. Redio ilikoroma tu. Kesho yake hivyo hivyo, na siku zote zilizofuata. Mwishowe mama akageukia ukutani.

"Mwanangu amekufa, mnanificha," alisema. Hakula tena. Wakamzika Jumapili, Seth asijue.

Wambura wa Chang'ombe, rafiki wa Seth na mwenye leseni kama yeye, alikuja kuhani. Aliuliza redio ilikuwa ikiwashwa saa ngapi. Alipojibiwa, aliinama.

"Shemeji, hiyo Z ni saa ya dunia nzima. Sisi tumeitangulia kwa saa tatu. Hiyo 0400 ni saa kumi alfajiri kwa saa hiyo, na hapa kwetu ni saa moja asubuhi."

Akamweleza na mengine yaliyoandikwa daftarini: 59 ni sauti iliyo wazi na yenye nguvu, QTH ni mahali mtu alipo, 73 ni salamu za kuagana. Edina alielewa yote, na kuelewa kukamuumiza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kesho yake saa moja wakawasha. Sauti ya Seth ikaja wazi kabisa, kwa salamu ya Kigogo.

"Mbukwa, mama. Mimi mzima. Leo umelalaje?"

Wambura akajibu kwa leseni yake, akatoa habari za msiba.

"Alinisikia hata mara moja?" Seth akauliza.

Wambura akamtazama Edina. Edina akatikisa kichwa.

Siku hiyo aliandika saa ya Hombolo pembeni ya kila mstari wa daftari. Hajakosa tena sauti ya mumewe. Ila kila asubuhi Seth akifungua kinywa husita kidogo, pale alipozoea kumsalimia mama.