Mgeni wa Chumba Namba Nne

Foleni ya duka la fotokopi ilitoka ndani hadi barazani. Mashine zilikuwa mbili, moja nzima na nyingine ya kubahatisha, na juu ya vichwa vya watu pangaboi lilizunguka kwa fujo. Karani wa ofisi ya safari alikuwa amevaa blauzi ya kijani iliyonyooshwa kwa pasi, sketi nyeusi, na viatu vya visigino alivyoanza kuvijutia tangu asubuhi. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, shati la mistari, kalamu mbili mfukoni, akihangaika na bahasha iliyopasuka. Pangaboi likazichota karatasi zake na za karani pamoja, zikatapakaa sakafuni, watu wakaziokota na kumpa yeyote aliyenyoosha mkono.

"Samahani, dada, hiyo uliyoshika ni yangu."

"Hii ni barua ya ofisi yetu, kaka. Labda kama wewe ndiye bosi wangu."

"Ningekuwa bosi wako ningekuacha upange foleni na viatu hivyo?"

Karani akacheka bila kutaka. Alipofika ofisini akakuta karatasi moja isiyo yake, imeandikwa kwa mkono.

"Mjomba: anakoroma, alale peke yake. Shangazi mkubwa: hataki ngazi, anataka kuona bahari, alale na binti yake. Pacha: wasikae chumba kimoja, wanapigana. Wajukuu sita: pamoja, na Mungu awasaidie." Ukoo mzima ulikuwa humo, watu ishirini na saba, kila mmoja na madai yake. Mwisho kabisa paliandikwa: "Mama: popote tu, hata na wajukuu." Chini yake namba ya simu.

Karani akapiga. "Hapa ni ofisi ya safari. Ninao ukoo wako wote mezani kwangu."

"Kaa nao," mwanamume akajibu. "Mimi nimechoka nao."

Alikuwa mpima ardhi. Ukoo wake ulikuwa umeamua kwenda kupumzika kisiwani kwa siku sita, na kazi ya kuwapanga ikamwangukia yeye, kwa sababu, alivyoeleza, ndiye pekee asiye na mke wa kumwonea huruma. Ofisi ya karani iliwajua wenye hoteli ndogo kisiwani, vyumba kumi na saba, na kwa utaratibu wao orodha ikishapelekwa haibadilishwi na mtu ila karani mwenyewe.

Basi simu zikaanza, yeye akimwita karani Bi Funguo kwa kuwa vyumba vyote vilikuwa mkononi mwake, karani akimwita Mkuu wa Msafara. Kila jioni karani alipovua viatu tu, inalia.

"Bi Funguo, umeshakula?"

"Sijala. Nakusubiri uniambie nani leo kanuna."

"Shangazi. Anakitaka chumba namba nne, kile cha dirisha la baharini. Nimemwambia dirisha lake bovu."

"Mkuu wa Msafara, unamdanganya shangazi yako?"

"Kwa heshima zote."

Wiki ya pili wakaanza kunywa chai pamoja kwenye kibanda cha nyuma ya ofisi, mpima na buti zake za vumbi, karani na nguo alizoanza kuzichagua tangu usiku. Wiki ya tatu mpima akamwambia, akitazama kikombe, "Nisiposikia sauti yako jioni, chakula hakishuki. Tukirudi kutoka kisiwani nina neno na wewe. Neno la watu wazima."

"Litamke sasa."

"Nikitoka huko, mpenzi. Niache nimalize jambo moja kwanza."

Karani alirudi ofisini akasahau kufunga mlango wa kabati, mchana mzima akawa anatabasamu na mafaili. Alikuwa amependa, basi. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Siku tatu kabla ya safari mpima akapiga saa za kazi, sauti ya chini.

"Chumba namba nne kiandike 'mgeni wangu'. Jina usiweke."

"Mgeni gani tena? Wenyewe mko ishirini na saba."

"Wewe andika tu. Waambie watandike mashuka meupe, waweke maua mezani. Na asubuhi asiamshwe na mtu. Hata chai ikiwa tayari, asiamshwe."

Karani alishika kalamu bila kuandika. "Ni nani huyo?"

"Mtu ninayempenda kuliko wote duniani." Akacheka kidogo. "Usiniulize zaidi, niliapa. Utamjua tu."

Simu ikakatika. Kichwa cha mwenye wivu hakikosi kazi: mashuka meupe, maua, asiamshwe asubuhi. Jambo moja la kumaliza kwanza. Kumbe neno la watu wazima lilikuwa kuagana! Karani alilia chooni, akanawa uso, akarudi mezani. Hapo ndipo shangazi mkubwa alipopiga, kwa mara ya tano wiki ile, kuuliza kama dirisha la namba nne limeshatengenezwa.

"Limetengenezwa, shangazi," karani akasema. "Chumba ni chako."

Akafuta, akaandika upya. Shangazi, namba nne, maua na mashuka meupe. Mgeni akampeleka namba kumi na saba, chumba cha nyuma, ukuta mmoja na jiko, ambacho wageni wote hukikataa. Akaituma orodha, akaona moyo umetulia. Utulivu huo ulidumu kama saa moja hivi.

Siku ya kufika kisiwani simu yake ikaanza kuita saa nane mchana. Mkuu wa Msafara. Akaigeuza kifudifudi. Ikaita tena. Wateja walikuwa mbele yake, wakaitazama ile simu ikitembea mezani kwa mtetemo. Mara kumi na moja. "Hiyo simu haichoki, pokea," mteja mmoja akamwambia. "Ni mtu amekosea namba," karani akajibu. Jioni akaifuta ile namba kabisa.

Ukoo ukarudi. Mpima hakupiga wala hakutokea kwenye kibanda cha chai. Karani akajiambia ndivyo wanaume walivyo. Kisha asubuhi moja akaingia ofisini mama mnene wa gauni la maua, mkoba kwapani, uso umechanua.

"Wewe ndiye uliyenipa namba nne? Njoo nikukumbatie! Nimelala na bahari dirishani siku sita. Mungu akupe mume mwema."

"Karibu, shangazi. Na wengine walifurahi?"

Shangazi akakaa, uso ukasinyaa. "Mwanangu, tulifurahi sisi. Wifi yangu, mama yake huyu mpima, kumbe anaumwa na hakutaka tujue. Daktari alishasema ni miezi, si miaka. Yeye na mwanawe tu ndio walijua. Ningejua mimi ningekaa kwenye kile chumba? Alilala huko nyuma, kando ya jiko."

"Chumba cha mgeni?" karani akauliza.

"Hakukuwa na mgeni. Ulikuwa ujanja wao, tufike, kijana aseme mgeni wangu hakuja, mama uingie wewe. Wifi aliogopa tukijua anapewa cha mbele tutanuna. Na tungenuna kweli, unatujua."

Alipoondoka, karani alifungua faili akaisoma ile karatasi ya kwanza. Mama: popote tu. Hasira hasara, watu husema, na wanaposema husahau kutaja kwamba hasara yenyewe huweza kumwangukia mtu ambaye hukuwahi kumwona.

Hakwenda nyumbani kwake kubadili nguo. Alikwenda hivyohivyo, na visigino vyake, hadi mlango wa kina mpima, alikoelekezwa na shangazi. Mgonjwa alikuwa amelazwa sebuleni ili awaone wanaoingia, mwembamba, kanga ya buluu mabegani, macho bado yana mzaha. Mpima alikuwa amekaa pembeni yake. Alipomwona karani akainuka, akatoka nje.

"Wewe ni wa kwenye simu," mama akasema. "Nimekujua kwa alivyokimbia. Kaa, mwanangu."

Karani akapiga magoti badala ya kukaa. "Mama, ni mimi niliyekubadilishia chumba. Nilifanya kusudi. Nilidhani ni mwanamke mwingine."

Mama akamtazama, kisha akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mwanamke mwingine, mimi! Haya, umenikuza." Akapumzika kidogo. "Nikwambie. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na minane, nyumba ya wakwe, kisha ya watoto. Sijawahi kuamka nikakuta mtu kanitangulia jikoni. Mwanangu akaniuliza, mama, unataka nini kabla ya... kabla. Nikamwambia nataka kulala mahali nisisikie sufuria."

Karani akaficha uso kwenye ukingo wa kitanda.

"Basi alfajiri ya kwanza nikazisikia hapo ukutani. Miguu ikasimama yenyewe. Nikawakuta wapishi, watoto wa watu, wamezidiwa, nikawasaidia kumenya viazi. Siku zote sita. Usilie. Bahari niliiona mchana, nzuri kweli, ina kelele kuliko nilivyodhani."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Lakini huo ni msamaha wangu mimi. Wake katafute mwenyewe nje huko. Ni mgumu, kama baba yake."

Mpima alikuwa ameegemea ukuta wa uani, mikono mifukoni.

"Ungeniuliza," akasema.

"Niliuliza."

"Kweli, uliuliza." Akatoa mikono mifukoni. "Mimi nilikosea kukufanyia mafumbo. Nilikuwa na raha, nikaona nikuchezee kidogo. Kwa wivu sikulaumu, hata mimi ninao. Lakini nilipiga mara kumi na moja. Meneja kanisimamia pale na orodha yake, anasema karani wenu aseme neno moja tu, tunahamisha kimyakimya kabla shangazi hajafungua sanduku. Mama amekaa juu ya begi lake ananiambia acha, usimtoe mtu chumbani. Neno moja tu, Bi Funguo."

"Nakupenda," karani akasema, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa kweli na hakuwahi kulisema.

"Najua. Na mimi bado," mpima akajibu, na machozi yakamtoka. "Ila kila nikikuwaza nasikia zile sufuria."

Mama akafariki mwezi uliofuata. Karani alikwenda mazikoni akakaa nyuma na wanawake wa mtaani, akaosha vyombo hadi jioni, hakuna aliyemwuliza yeye ni nani.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja simu ya ofisi ikaita, na kabla hajasalimiwa akaijua pumzi ile.

"Tunarudi kisiwani. Hoteli ileile. Mama aliacha maagizo ukoo usiache kwenda pamoja, na upangwe na wewe."

"Sawa." Akavuta karatasi. "Nisomee."

Akamsomea. Mjomba peke yake. Pacha mbalimbali. Shangazi mkubwa amesema hataki tena dirisha la baharini, alale popote tu. Watu ishirini na sita.

"Na namba nne?"

"Namba nne usimpe mtu. Watandike mashuka meupe, waweke maua. Kikae hivyo."

Karani akaandika. "Na wewe?"

"Mimi niandike kumi na saba."

Kalamu ikasimama. Nje magari yalipita, mtu akapiga honi, maisha ya watu yakaendelea. Karani akakusanya moyo wake wote, akasema polepole, "Mkuu wa Msafara. Niandike na mimi?"

Sauti ikamjibu, laini, bila hasira hata kidogo, na bila lile jina la Bi Funguo.

"Kile chumba kina kitanda kimoja, dada."