Kidole cha Dawa

Kila alasiri akitoka shule, Kozue alitumbukiza mkono kwenye pipa la pumba za mchele na chumvi, akazigeuza hadi chini ili kachumbari za bibi yake, mboga zilizochachushwa humo, zisivunde. Walikaa nyuma ya duka lao la dawa za mitishamba, mjini Toyama, Japani, na nyumba haikukosa watu. Wagonjwa walifuata dawa, wazima walifuata chai na umbeya.

Siku hiyo Mzee Kurosu, muuza tofu, aliingia ameungua mkono kwa mafuta ya kukaangia.

"Kozue, mpake mzee marhamu," alisema Bibi Fumie akimimina chai. "Nawa kwanza. Na utumie kidole cha dawa."

Ndicho kusuriyubi, kidole cha nne, jirani wa kile cha mwisho. Kozue aliona ni jina tu. Alijifuta pumba kwenye aproni, akachovya kidole cha shahada koponi, akapaka.

"Mkono mzito kama wa seremala," mzee alimtania, machozi yakimlenga.

Baada ya siku chache kidonda kikatunga usaha. Daktari alikisafisha na kukifunga, lakini mtaa ulikuwa umeshahukumu.

"Marhamu ya Fumie imeharibika," jirani yao, Mama Tokie, aliwaambia wageni sebuleni, akimnyooshea Bibi kidole. "Uzee nao, jamani."

Bibi alisikia. Akalichukua kopo la marhamu, akalimwaga lote. "Labda kweli macho yamechoka. Kesho nafunga duka."

Uso wa Kozue ulimwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na wageni ndio kwanza walikuwa wamejaa pomoni, Mzee Kurosu na bendeji yake katikati yao.

"Bibi, usifunge," alisema. "Dawa ilikuwa nzima. Mimi sikunawa. Nilitoka kwenye pipa la kachumbari nikampaka kwa kidole hiki."

Akapiga magoti mbele ya mzee, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka.

"Kumbe nilitiwa kachumbari," mzee akasema. "Ndiyo maana paka wangu haachi kuninusa. Inuka, mwanangu. Kinapona."

Watu walicheka, Kozue akazidi kuona haya. Bibi akamshika mkono wake.

"Gumba hubonyeza. Cha shahada hudokoa vyakula na kusuta watu. Hiki cha nne hakina kazi nyingi wala nguvu. Ndiyo maana wazee wetu walikikabidhi dawa: hakichafuki upesi, wala hakitoneshi kidonda. Lakini kisiponawishwa, jina halitakisafisha."

Mama Tokie akakikunja taratibu kidole chake cha shahada, akakificha ndani ya mkono wa kimono.

"Kutonawa kwako kumemuumiza mtu mmoja," Bibi akaendelea. "Kunyamaza kwako kungelifunga duka, na wote hawa wangekosa dawa. Mikono huoshwa kwa maji, mjukuu wangu. Kosa huoshwa kwa kusema kweli mapema, kabla mwingine hajalibeba. Haya, kanawe. Tunapika marhamu mpya."