Mtego wa Nne

Mtego wa kwanza ulinasa saa tano asubuhi, na haukutakiwa kunasa kabisa.

Mama Kidoti alikuwa mjaribu. Kampuni yao ilitengeneza programu ya kusakia kasoro ndani ya programu nyingine, na kazi yake ilikuwa kuichokoza mpaka iumbuke. Wiki hiyo alijaribu mitego. Unachagua kisanduku kimoja katika kumbukumbu ya kompyuta, unakitegea, na chochote kikiandika humo, kengele inalia na kila kitu kinasimama palepale mpaka ubonyeze kitufe cha kuendelea. Kompyuta ilishika mitego minne tu kwa wakati mmoja. Yeye alichagua visanduku vinne kwenye sehemu isiyotumiwa na programu yoyote, mahame matupu, ili athibitishe kwamba mitego hailii ovyo.

Kila kisanduku kilihitaji namba ya kutambulika upesi. Kama kawaida yake, alijaza tarehe za kuzaliwa: ya Mkuu wao wa kazi, ya Miwani aliyeandika mitego yenyewe, yake mwenyewe, na katika cha nne, ya binti yake Kidoti, mwenye miaka sita. Kidoti alisoma shule ya jirani, na kila siku saa sita alipita ofisini kumsubiri mama. Ili atulie, aliachiwa abonyeze kitufe cha kuendelea kila mtego uliponasa. Alikuwa akiomba ruhusa kwanza, na mama hakuwahi kumkatalia.

Basi kengele ikalia. Kabla Mama Kidoti hajasoma skrini mpaka mwisho, kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza kitufe. Ni mazoea, kwa siku alikibonyeza kitufe hicho mara mia tatu.

"Umeona?" alimuuliza Miwani, aliyekaa kiti cha pili. "Kisanduku cha kwanza kimenasa, na programu inasema hakuna aliyeandika."

"Umeandika wewe kwa kiwiko," Miwani akamtania. "Dada, si nilikwambia ukalale? Kimeandikwa nini?"

"Tarehe ya leo."

Miwani alifungua mdomo kucheka, lakini harufu ikamwahi. Ilinuka nywele zilizoungua. Ndani ya kasha la kompyuta kitu kilianza kutafuna, polepole, kama mbwa na mfupa wake.

Mwisho wa ukumbi, ndani ya chumba chake cha vioo, Mkuu, mtu pekee mwingine aliyekuwepo ofisini siku hiyo, alikuwa anaongea na simu. Kichwa chake kilivutwa nyuma kwa nywele, na hapakuwa na mkono. Kikashushwa mezani kwa kishindo, kikainuliwa na pua imelala shavuni, kikashushwa tena, na tena, na simu bado ipo mkononi na mtu wa upande wa pili bado anaita haloo, haloo, mpaka kioo chote kikawa chekundu na kishindo kikabadilika, kikawa cha kitu laini.

Miwani alikimbilia mlango. Uligoma. Akarudi, akainamia skrini.

"Mtego ulikuwa umelishika," alinong'ona. "Liliandika, likanaswa. Wewe ukaliachia."

"Nini kimenaswa? Miwani, nini hicho?"

"Sijui! Jini! Tumelitegea kwenye mahame yake, na tumelipatia tarehe zetu. Nisikilize. Mtego ukinasa tena, toa mikono hapo. Usibonye..."

Kengele ikalia. Kisanduku cha pili.

Mashimo kumi yalibonyea shingoni mwa Miwani, matano kila upande, akanyanyuliwa hadi akasimamia ncha za vidole vya miguu. Kisha kila kitu kikasimama. Mikono ilimning'inia mwilini kama nguo kambani. Pumzi ilimpita kwa mluzi mwembamba, na macho tu ndiyo yalizunguka.

Mama Kidoti alitoa mikono yake kwenye kibodi. Alipopata ujasiri, aliirudisha tarehe ya zamani ya Miwani kisandukuni. Kompyuta ikakubali. Alipoisoma upya, ilikuwa tarehe ya leo. Akaenda cha nne, akamfuta mwanawe, akaweka sifuri. Aliposoma, Kidoti alikuwa palepale. Akataka kuzima mashine yote, akakumbuka kwamba mtego ndio pekee uliokuwa umelishika.

Karibu saa nzima ilipita hivyo. Damu ilianza kumtoka Miwani masikioni, halafu machoni, na macho hayo yalikuwa yanaenda kwenye kitufe, yanamrudia yeye, yanaenda tena kwenye kitufe.

"Siwezi, kaka," alilia. "Usiniombe hilo."

Macho yakaendelea kuomba. Ndipo alipopiga hesabu yake. Cha tatu ni yeye. Likimshika yeye, na kibodi ikiwa imeng'olewa, nani atabonyeza? Litakaa shingoni mwake milele, na cha nne halitakifikia. Aliuzungusha waya wa kibodi kwenye mkono wa kushoto, tayari kuung'oa.

"Nisamehe."

Miwani akafumba macho. Mama Kidoti akabonyeza.

Shingo ilivunjika kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, na hilo halikulitosha, likampiga ukutani na kumpiga tena, likamtupa nyuma ya kabati, na Mama Kidoti akauvuta waya kwa nguvu zake zote, au alitaka kuuvuta, kwa sababu kengele ilikuwa imeshalia na vidole kumi vya baridi vilikuwa vimeshamfika kooni, na mkono wake, waya ukiwa bado umeuzunguka, haukumtii tena.

Alibaki kitini, uso kwenye skrini. Kisanduku cha tatu. Bonyeza kuendelea.

Na alifurahi, kweli alifurahi. Hakuna aliyebaki wa kubonyeza. Watamkuta hivyo, watashangaa, na mtoto atakuwa mzima. Alifurahi mpaka alipoona saa kwenye kona ya skrini. Ilikuwa sita na dakika mbili.

Mlango uliogoma kutokea ndani ulifunguka kwa nje, bila taabu.

"Mama, mbona kunanuka?"

Mama Kidoti alipiga kelele kwa mwili wake wote, na kilichotoka ni mluzi. Mkoba wa shule ulidondoka sakafuni. Viatu vidogo vikaja mbio kama vinavyokuja kila siku, bila kutazama kwingine, na mtoto akapanda kiti cha Miwani, akaegemeza kichwa begani kwa mama yake.

"Eh, imenasa!" alisema, akanyoosha kidole. "Mama, nibonyeze?"

Alisubiri ruhusa, maana alilelewa vizuri. Mama hakumkatalia.