Vibao Vinne vya Gulla

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimpandishia Babu sinia ya chai na mkate chumbani kwake, ghorofa ya juu. Nikirudi kuichukua nilikuta chai imepoa na mkate umemegwa pembe moja tu. Mama aliipokea akaimwaga chai. Bibi alifariki mwezi wa kumi, na kufikia mwezi wa kumi na mbili saa ya Babu ilikuwa inateleza kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Daktari alimwambia Mama kwamba mzee akiendelea hivyo, homa ndogo tu itatosha kumchukua. Mimi sikuambiwa, lakini nilikuwa nyuma ya mlango.

Shule zilifungwa kwa baridi. Jumapili moja ukungu ulishuka hadi mnara wa msikiti ukapotea. Babu alichungulia dirishani akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba hii ndiyo hali ya hewa ya harisa ya mpishi Gulla, na kwamba Bibi angekuwa ameshajitanda shali, anamsubiri ngazini waende kuila. Harisa ni ngano na nyama zilizopikwa na kupondwa usiku kucha mpaka zikawa kitu kimoja, kama boko boko. Kilikuwa kitu cha kwanza alichokitamani tangu mazishi. Mama alinipa kopo lenye mfuniko akanisukuma nje, hata viatu sijafunga.

Karibu na Lango la Mochi, katika mji wa kale, sikukuta duka moja la Gulla. Nilikuta manne, yamepangana upande mmoja wa barabara. Kila moja lilikuwa na kibao chenye picha ya mwanamieleka mwenye masharubu, na chini yake maandishi: "Gulla Halisi. Hatuna tawi lingine." Niliwauliza wauzaji, na kila mmoja akaapa kwamba wale watatu wengine ni waongo. Vidole vilikuwa vinaniuma kwa baridi, na duka la pili halikuwa na foleni. Nikanunua hapo.

Babu alinitazama nikifungua kopo. "Ni ya Gulla mwenyewe, Rubab?"

"Ndiyo, Babu."

Alionja kijiko kimoja. Alikaa na tonge lile mdomoni muda mrefu, kisha akaweka kijiko chini taratibu.

"Ahsante, mjukuu wangu," alisema. "Duka halina kosa. Ulimi wangu umezikwa pamoja na bibi yako."

Siku ile hakugusa tena chakula, hata chai. Mama alipombembeleza alijibu kwamba kama harisa ya Gulla haina ladha kinywani mwake, hakuna haja ya kusumbua wapishi. Nilijua ni mimi niliyemfanya aamini hivyo. Kwa neno moja nilikuwa nimemfungia mlango wa mwisho uliokuwa wazi.

Asubuhi nilisimama mbele yake, mikono nyuma, nikamweleza yote: vibao vinne, baridi, foleni. Nilitazamia kofi, ingawa hakuwahi kunipiga. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Kwa hiyo ulimi wangu ni mzima?"

"Mzima, Babu. Ile harisa ndiyo iliyokuwa maiti."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaniambia nirudi, ila nisimuulize mtu yeyote harisa nzuri iko wapi, kwa sababu atanionyesha kibao. "Muulize, wewe leo umekula wapi? Na usimuulize mwenye koti zuri. Muulize mwenye mzigo."

Hamali wa kwanza niliyemuuliza alikuwa anasukuma mkokoteni wa magunia ya lozi.

"Nimekula matusi ya mke wangu," alisema, "na nimeshiba."

Wenzake waliangua kicheko. Lakini mmoja, mzee ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinang'aa samli, aliniuliza natafuta kwa ajili ya nani. Nilimsimulia habari za Babu, naye akaacha mzaha. Alinieleza kwamba Gulla alipokufa, wanawe wanne waligombana wakagawana jina, kila mmoja na kibao chake.

"Lakini aliyekuwa anaponda harisa chunguni ni mfanyakazi wake, Sidiki," alisema. "Yeye jina hakupewa. Aliondoka na mikono yake."

Akanielekeza uchochoro wa wachambua pamba, mlango usio na kibao, akanionya kwamba ikifika saa tatu chungu huwa kitupu.

Nilikimbia. Pale mlangoni mahamali, wafagiaji na mwalimu mmoja walikuwa wanakula wamesimama, hakuna anayezungumza. Ami Sidiki, mtu mfupi mwenye mikono minene, alikuwa anakwangua kuta za chungu. Zamu yangu ilipofika, bwana mmoja mwenye funguo za gari alinipita ubavuni akataka chote kilichobaki.

"Limebaki bakuli moja," alisema Ami Sidiki, "na mtoto amefika kabla yako."

"Mtoto anajua nini kuhusu harisa?"

"Anajua kupanga foleni."

Watu walicheka, bwana yule akasogea nyuma. Lakini mpishi alipoliona kopo langu alitikisa kichwa. Aliniuliza harisa ni ya nani, nikamwambia.

"Harisa ikitembea inapoa, na ikipoa ni gundi," alisema. "Mlete mwenyewe."

"Hajatoka nyumbani tangu mazishi, Ami."

"Basi mwambie Sidiki anamsubiri, na moto unazimika."

Sijui nilifikaje nyumbani. Nilimpasha Babu habari kwa sauti kutoka chini ya ngazi. Nikasikia viatu. Alishuka koti limefungwa vifungo kombo, na Mama alipomshika mkono aliutoa. "Niache, binti yangu. Nina miadi."

Alipumzika mara mbili njiani, Mama akitufuata nyuma. Tulipofika, Ami Sidiki alipakua bakuli lile la mwisho, akamwagia samli ya moto juu, ikachemka na kutoa sauti. Babu alikula kijiko kimoja. Akala cha pili. Alikula mpaka bakuli likawa safi, akalisukuma mbele.

"Ongeza."

"Kimekwisha, mzee. Njoo kesho, na uwahi."

"Nitawahi."

Mama aligeukia ukutani akajifanya anatengeneza mtandio wake.

Tulirudi polepole, Babu amenishika bega.

"Watu wa vibao wakikudanganya si neno," alisema. "Utatafuta mpaka upate cha kweli. Ila mtu wako wa nyumbani akikudanganya, unaacha kutafuta, kwa sababu umemwamini. Jana uongo ulikuokoa na baridi kidogo tu. Leo ukweli umekukimbiza mji mzima. Angalia ni upi ulionilisha."

Niliitikia, kichwa chini. Hatua chache mbele aliniuliza siku hizi samaki wazuri wa kukaanga wanapatikana wapi. Nilimwambia sijui.

"Hata mimi sijui," alisema Babu, akamwita mfagiaji aliyekuwa ng'ambo ya barabara.